Mwisho Hausemwi

Mboni za mtu mzima hazihami. Pima leo umbali wa kutoka jicho hili hadi lile, pima tena baada ya miaka kumi, rula itakupa jibu lile lile. Nilifundishwa hivyo wiki ya kwanza chuoni, na kwa miaka kumi na miwili ya kutengeneza miwani sijawahi kuona likikosea. Basi naomba mtu anieleze ilikuwaje nikampima yule mwanamume mara tatu nikapata vipimo vitatu: milimita sitini na nne, sitini na sita, kisha sitini na moja. Hiyo ya mwisho ingemfaa mtu mwingine kabisa.

Aliniuliza kama kuna tatizo. Nikamwambia ni kifaa kinasumbua. Kifaa chenyewe kilikuwa rula ya plastiki, na yeye alikuwa anaiona. Akatabasamu, akaniachia aibu yangu niibebe mwenyewe. Mimi hutazama macho ya watu kutwa nzima bila kushtuka. Kwangu ni kama fundi viatu anavyotazama soli. Lakini macho ya huyu yalikuwa yananitazama na mimi, na namba za rula nikawa sizioni.

Hatukuwa wageni. Tulijuana chamani. Kila Jumamosi saa tisa alasiri watu kumi na wawili hukutana chumba cha juu cha maktaba, na tunasoma aina moja tu ya riwaya: zile za kijeshi za siku ambazo hazijafika, majeshi yanayogombania sayari, meli za angani zinazolaza askari elfu mbili, makamanda wanaotoa amri inayowafikia walio mbele baada ya miezi mitatu. Humo hatuitani majina. Mimi ni Luteni. Yeye ni fundi lifti, na kwa ule urefu wake chama kilimwita Ghorofa siku ya kwanza tu alipoinama kupita mlangoni.

Chama kina utaratibu wake. Hatupendekezi kitabu kwa watu wote kwa mpigo. Anayependekeza husimama, humtaja mtu mmoja, halafu husema mambo matatu: nani anapigana, anapigania nini, na kwa nini kitabu hiki ni cha huyu na si cha yule. Aliyetajwa hana ruhusa ya kukataa. Atakisoma chote, atakirudisha, atasema "nimefika", basi. Na juu ya yote kuna sheria aliyoiandika kwa mkono Mwenyekiti wetu, karani mstaafu wa posta, akaibandika ukutani: mwisho hausemwi. Hata mkiwa wawili mliokisoma, hata mkikutana sokoni, mwisho wa kitabu hausemwi mpaka chama kizima kimekimaliza. Tumewahi kumfukuza mtu kwa hilo.

Sasa niseme lile ambalo kila mtu chamani alilijua na hakuna aliyelitaja. Mume wangu alikuwa askari. Askari wa kweli, wa buti na begi. Miaka minane iliyopita aliondoka na kikosi chake, na baada ya miezi mitano ikaja barua ya mistari minne: hajulikani alipo. Haikusema amekufa, haikusema yu hai. Tangu hapo mimi si mke wala si mjane. Nilibaki nyumbani kwa mama yake, na si kwamba nilizuiwa. Mama alinipenda, nami nikampenda, na kila siku tulikula meza moja tukimngoja mtu mmoja.

Watu huniuliza ninawezaje kusoma vita baada ya vita kunifanya hivyo. Huwa nawachekea tu. Lakini katika riwaya zile, baada ya kila pigano, kuna ukurasa ambapo mtu anasimama na kusoma majina. Waliokufa hutajwa, waliopona hutajwa. Hakuna mtu anayeachwa hewani.

Mwezi mmoja uliopita, Jumanne ile ile niliyompima, Ghorofa alinisindikiza kutoka dukani hadi karibu na geti letu. Alisimama pale, akavua kofia yake ya kazi, akasema lililomleta.

"Nakupenda, Luteni. Hali yako naijua, chama kizima kinaijua. Sikuombi jibu leo. Mimi kazi yangu ni lifti. Najua kubonyeza mara kumi hakuifanyi ishuke haraka."

Nilisukuma geti. Nikaingia ndani bila hata kumuaga. Siku nne sikulala vizuri, na wahenga nao hawakunisaidia, maana wao ndio waliosema subira huvuta heri, na ni wao hao waliosema ngoja ngoja huumiza matumbo. Nampenda? Nampenda. Je, nina haki ya kumpenda? Hapo ndipo kichwa changu kilipogoma. Nikaona nifanye lile ninalolijua. Jumamosi asubuhi nikachomoa rafuni kitabu changu mwenyewe, *Lindo la Sayari ya Saba*, nikakitia mkobani nikakimbilia kazini, na alasiri nikasimama mbele ya chama.

Kitabu chenyewe ni hivi. Kuna nahodha mwanamke anayelinda kituo kilicho mbali na kila kitu. Mumewe ameondoka na meli za kivita zinazokwenda kasi kiasi kwamba siku moja ya kule ni mwaka mzima wa huku. Yeye anangoja. Pale kituoni kuna fundi wa pampu za hewa, mtu mpole, naye anangoja kwa namna yake. Na mwisho, nisamehewe na Mwenyekiti, nausema: katika sura ya thelathini na moja, sura fupi ya kurasa kumi na sita, nahodha anamkabidhi mtu mwingine lindo, anaketi mezani na yule fundi na kumwambia, "Nimemngoja vya kutosha. Sogea karibu." Kurasa hizo nilikuwa nazijua kwa moyo.

Nikamtaja Ghorofa. Nikasema anayepigana ni mwanamke mmoja dhidi ya saa ya ukutani. Anachopigania ni ruhusa. Na kwa nini kitabu hiki ni cha Ghorofa? Kwa sababu kuna swali niliulizwa nikakosa maneno. Mwoka mikate wetu, mwanamke asiyejua kunyamaza, akakohoa kile kikohozi cha kutengeneza, na Mwenyekiti akagonga meza kuficha kicheko. Ghorofa alikipokea kitabu kwa mikono miwili.

Wiki mbili baadaye alikirudisha. Alikiweka mbele yangu, akasema "nimefika" bila kunitazama, akaenda kukaa dirishani. Mkutano ulipokwisha aliondoka wa kwanza. Nilihisi nimemwagiwa maji ya baridi mbele za watu. Mwanamume ananiambia ananipenda, nampa ndiyo yangu yote ndani ya jalada, anaisoma hadi mwisho, halafu anaona haimfai? Jumatatu nilikitupa kile kitabu ndani ya droo ya vishikizo na skurubu pale dukani, na sikutaka kukiona tena.

Ndivyo tulivyofika Jumamosi hii, saa sita mchana, saa moja kabla sijafunga, akaingia kuchukua miwani yake.

Alisalimia vizuri, nami nikaitikia vizuri zaidi, maana nikikasirika huwa na adabu ya kupindukia. Nikamkaribisha kitini mbele ya kioo. Akasema amefurahi kwamba miwani imekuwa tayari, kwa sababu Jumatatu anahama. Ameomba mwenyewe kupelekwa mji mwingine, kuna majengo mapya yanafungwa lifti, kazi ya miaka miwili au zaidi. Alilisema hilo akiutazama ubao wa herufi ukutani, mstari wa juu, ule ambao hata bibi kizee anauona.

Nikamvisha miwani. Kazi ya kumvisha mtu miwani haina njia ya mkato. Lazima usimame karibu, lazima vidole vipite nyuma ya masikio, lazima umtazame usoni kuona kama imekaa sawa. Mkono wa kushoto wa miwani ulikuwa juu kidogo. Nikaivua, nikaupasha moto, nikaukunja, nikamvisha tena. Alikuwa amefumba macho.

"Inabana?" nilimuuliza.

"Hapana."

"Nyuma ya sikio?"

"Hapana, iko sawa."

"Basi unaondoka kwa sababu gani?"

Akafumbua macho. Mimi mwenyewe sikujua swali lile lilitoka wapi, lilikuwa limepangwa libaki moyoni. Akanitazama kupitia lenzi mpya, na nilimwona akiniona vizuri kwa mara ya kwanza.

"Si ulinijibu, Luteni? Ulinijibu mbele ya watu kumi."

"Nilikujibu, ndiyo. Na wewe ukanirudishia jibu langu kama sahani ya jirani."

"Ulitaka nifanye nini? Nikae hapa kila Jumamosi nikutazame unavyongoja?"

"Nani anangoja?"

Akanitazama kana kwamba nimemuuliza jina lake. Nikadhani ananidhihaki, lakini uso wake haukuwa na dhihaka, ulikuwa wa mtu aliyechoka. Akasema polepole kwamba angependa kunieleza, ila chama hakijamaliza kitabu, na mwisho hausemwi. Laiti ningekuwa na nyundo.

"Hapa si maktaba," nilimwambia. "Hapa ni dukani kwangu na funguo ninazo mimi. Sema."

Akavua miwani, akaishika mapajani, akasoma kutoka kichwani kama mtu anayesoma barua aliyoandikiwa yeye. "'Akawasha taa ya lindo, akaapa: nitamngoja hata nyota zizime.' Halafu jalada. Nilirudia usiku wa pili, nikidhani nimeelewa vibaya. Sikuwa nimeelewa vibaya. Nilikuuliza, ukaniambia utamngoja mumeo hata nyota zizime. Ni jibu la heshima, na mimi nimeliheshimu. Lakini siwezi kuliheshimu nikiwa mtaa wa pili."

Nilicheka. Si kicheko cha furaha, ni kile cha mtu aliyekosa ngazi gizani. Nikamwambia hayo ni maneno ya sura ya thelathini. Akasema ndiyo, ya mwisho. Nikamwambia si ya mwisho, kuna ya thelathini na moja. Akasema hakuna. Nikamwambia nimekisoma kitabu kile mara nyingi kuliko alivyopanda lifti. Akasema, kwa upole wake ule ule unaokera, kwamba basi nifungue nimwonyeshe.

Nikavuta droo. Nikakung'uta skurubu, nikafungua nyuma. Ukurasa wa mwisho: taa, kiapo, nyota. Upande wa pili, karatasi nyeupe iliyogandishwa kwenye jalada. Hapakuwa na sura ya thelathini na moja. Hapakuwa na kipande kilichochanika, hapakuwa na alama. Kilikuwa kitabu kizima, kisafi, kilichokwisha mahali kisipopaswa kwisha.

Nilianza kujitilia shaka. Huwezi kuamini, lakini kwa muda nilijiuliza kama ile sura niliiota, kama katika miaka minane ya kutaka sana nilijitungia mwisho wangu mwenyewe. Nikachukua kioo cha kukuzia, kile ninachotumia kuonea mikwaruzo ya lenzi, nikakifungua kitabu hadi mgongo ukalia. Vitabu hushonwa kwa mafungu ya karatasi, na kila fungu lina uzi wake katikati. Mafungu yote yalikuwa na uzi uliogeuka rangi ya chai. La mwisho lilikuwa na uzi mweupe. Mtu alikuwa ametoa fungu zima lililofuata, akafunga upya, akagandisha upya karatasi ya jalada, na akaifanya kazi hiyo vizuri kiasi kwamba bila kioo usingejua.

"Nani anaweza kufanya kitu kama hiki?" fundi lifti aliuliza. Alikuwa ameinama juu ya bega langu, na hata katika hali ile nilijua vizuri sana kwamba yuko juu ya bega langu.

Kikulacho ki nguoni mwako. Mtu mmoja tu ninayemjua alifanya kazi ya kujalidi vitabu kwenye kiwanda cha uchapaji kwa miaka ishirini na sita, na mtu huyo nilikuwa nimemwacha nyumbani asubuhi akinikumbusha nisisahau mwavuli.

Nikafunga duka kabla ya wakati. Nikamwambia twende. Akauliza aje kama nani, maana kwa yule mama hajawahi kuingia hata uani.

"Sijui," nilimwambia. "Njoo tu."

Ni mwendo wa dakika kumi. Tulipita kwa kinyozi, tukapita kwenye duka la vitasa, na watu walitutazama kwa sababu tulikuwa tunatembea haraka na hatusemezani. Karibu na kona aliniuliza hiyo sura ya thelathini na moja inasema nini. Nikafungua mdomo nimwambie, nikashindwa. Kitabuni niliyaweza maneno yale, hata kumpa mtu mkononi niliweza. Kuyatoa kwa mdomo wangu, mchana kweupe, barabarani, nikiwa naelekea kwa mama wa mume wangu, hilo halikuwezekana. Nikamwambia atajua. Nilikuwa na hasira na mama, nikamwonea huruma, nikamkasirikia tena, na hasira yenyewe haikuwa na pa kushika kwa sababu sikujua alikusudia nini. Je, alijua kitabu kile nitampa nani? Alitaka kunivunjia? Mama aliyenipikia uji wiki tatu nilipougua?

Tulimkuta sebuleni, mezani, anashona daftari la hesabu la mtoto wa jirani. Hakuwahi kuiacha kazi yake, aliileta tu nyumbani: kopo la gundi, wembe, sindano nene, kipande cha nta cha kulainishia uzi. Uzi mweupe. Alimwona kwanza mwanamume nyuma yangu, kisha kitabu mkononi mwangu, na hakushangazwa na lolote.

"Shikamoo, mama," fundi alisema akiinama mlangoni.

"Marahaba." Akamtazama kutoka miguuni hadi kichwani, safari yenye kuchukua muda. "Kaa, utavunja mlango."

Nikaweka kitabu mezani. Nilikuwa nimepanga maneno makali njia nzima, yakanikauka. Nikamuuliza tu kwa nini.

Akachomeka sindano kwenye nta, akajifuta vidole. Akasema nimechelewa kugundua, alidhani ningejua wiki ile ile. Kisha akaanza kueleza bila kunitazama. Siku ile aliponiona kupitia pazia nikisindikizwa na mtu mrefu hadi karibu na geti, na nikaingia nimebadilika rangi, alitaka kujua nina nini, na mimi si mtu wa kusema. Kesho yake nilipokwenda kazini akaingia chumbani kwangu, kwenye rafu.

"Nikasema huyu binti anasoma vita kila siku, labda anamtafuta mwanangu humo. Acha na mimi nimtafute." Akakigusa kitabu kwa kidole kimoja. "Kitabu hakinifichi kitu mimi. Nikikishika najua mtu amekisoma vipi, amerudia wapi, amelilia wapi. Hiki sura zake thelathini zilikuwa safi. Ya mwisho ilikuwa imelegea pembe zote, imeingia jasho la vidole. Nikaisoma hiyo tu. Nikajua unachokitaka, na nikajua umekitaka muda mrefu, na ulikuwa unakula na mimi hapa kila siku bila kuniambia."

"Ukanikasirikia?"

"Niliogopa." Sasa ndipo aliponitazama. "Nikaitoa nisiione. Sikujua utampa mtu. Binti, baba yake alikufa, ndugu zake walishakaa matanga wakamaliza mambo yao. Tumebaki wawili tunaosema atarudi. Ukitoka wewe, nabaki mimi. Mtu anayengojwa na mmoja tu, huyo hata wewe huwezi kujua kama bado anangojwa au mama yake amechanganyikiwa."

Nilikuja nimejiandaa kupigana na nikakuta hakuna adui, kuna mama mkwe wangu na kopo la gundi. Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kupiga kelele. Fundi alikuwa amekaa kwenye ncha ya kiti, magoti juu, anazungusha miwani yake mipya mkononi. Sasa alikuwa amekwisha kuelewa sura iliyokatwa inasema nini, maana masikio yake yalikuwa yamebadilika rangi.

Mama akamgeukia. Akamuuliza kazi yake, akajibiwa. Akamuuliza kama ana watu, akajibiwa kwamba ana dada mmoja. Akamuuliza kama anakunywa pombe, akajibiwa kwamba siku za harusi tu. Kisha akamuuliza lile lenyewe.

"Mwanangu akirudi?"

Fundi akafikiri. Nilijua angeweza kusema neno tamu lolote na likapita, wanaume wengi wangelisema. Akatikisa kichwa.

"Sijui, mama. Hilo nimejiuliza tangu mwaka jana. Sijui."

"Na wewe?" Mama alikuwa amenigeukia mimi. "Siulizi cha kitabuni. Mume wako akigonga mlango huu kesho?"

Hili swali hakuna aliyewahi kuniuliza. Mwanasheria aliwahi kuniambia kuna njia ya mahakama, rafiki zangu waliwahi kuniambia maisha ni mafupi, lakini hakuna aliyemleta mume wangu hadi mlangoni na kuniambia nimfungulie. Nikamwona. Nikaliona lile begi lake. Machozi yakanitoka kabla ya maneno, nikayaacha.

"Nitamfungulia," nilisema. "Nitamkumbatia, nitamchemshia maji ya kuoga. Akishakula nitamwambia nilimngoja miaka minane na mama yake ni shahidi. Halafu nitamwambia kuna mtu mwingine nampenda. Sijui nitaanzia wapi, mama, na sijui kama atanisamehe. Lakini nitamwambia mwenyewe, uso kwa uso. Simwandikii mistari minne."

Nje mtoto wa jirani alikuwa anamwita mwenzake. Mama aliunyoosha mkono wake juu ya meza, nikadhani anataka kitabu, nikakisogeza. Hakukitaka. Alinishika kiganja, na vidole vyake vilikuwa vinanata gundi.

"Basi mimi ndiye niliyemzaa," alisema. "Kumngoja ni kazi yangu. Nilikugawia kwa sababu niliogopa kuifanya mwenyewe, na wewe ulikuwa mtoto mwema hukukataa. Sasa niachie."

Nikataka kusema hapana. Kweli kabisa, nilitaka kusema hapana mama, tuendelee, na sikujua huo ni upendo au ni mazoea. Yeye alikuwa tayari amemtazama fundi.

"Na wewe kijana, nimesikia una safari."

"Jumatatu, mama."

"Unakwenda au huendi?"

Fundi hakumtazama yeye. Alinitazama mimi, macho matupu, miwani bado mkononi, nadhani hakuniona vizuri hata kidogo.

"Sijui, mama. Mpaka sasa hakuna aliyenijibu kwa mdomo wake."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimewapendekezea watu riwaya mia moja, nimeeleza nani anapigana na anapigania nini, na katika zote hizo sikuwahi kumwambia mtu hata mmoja ninachotaka mimi. Mama alikuwa bado amenishika mkono, nami nilimwangalia yeye kwanza, na yeye akauachia.

"Usiende," nilimwambia fundi.

Aliweka miwani mezani, akajifunika uso kwa viganja vyote viwili, na mabega yake yakashuka.

Mama akafunika kopo la gundi. Akakunja daftari la mtoto ambalo halijamalizika, akaliweka pembeni, akainuka kwa kushikilia meza. Akasema anakwenda kujinyoosha kidogo, sisi tuzungumze. Alipita karibu yangu bila kunigusa, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango taratibu, akaenda kumngoja mwanawe peke yake.

Nilisikia kitanda kikilia alipoketi. Niliinuka. Nilisimama katikati ya ile sebule, mlango wake upande huu, yule mtu upande ule, na sikujua nimfuate mama au nikae.

Nikakaa.